Namba Tumboni mwa Gitaa

Kitambulisho changu kinasema Januari mosi,
kama cha dada yangu, kama cha nusu ya walimu wenzangu:
karani wa chifu alikuwa na siku moja tu mfukoni,
akatugawia sote.
Mwaka aliukisia kwa kuniangalia meno.

Mama hakuwa na kalenda. Mama alikuwa na gitaa.
"Ulikuwa na siku nne," husema,
"kitovu hakijakauka, baba yako akaingia
na kasha jeusi begani. Nikapiga yowe,
nikidhani amekununulia jeneza.
Kumbe ni mshahara wote wa miezi mitano."
Basi tukaitwa pacha, mimi na chombo:
yeye akalazwa kitandani, mimi ndani ya karai.

Sasa Tume imeniandikia:
Mwalimu Finike Mudasia, Desemba ndiyo mwisho.
Nimelifunga gitaa kwa shuka,
nikateremka nalo kutoka Chavakali hadi Kibuye,
kwa fundi Ogalo, ambaye meza yake
ni kaburi la redio na harufu ya gundi inayochemka.

Hakulipiga. Alilegeza nyuzi mbili,
akaingiza tunduni kioo cha kujipodolea
na tochi nyembamba kama kalamu,
akainama kama daktari juu ya koo la mtoto:
tano, sifuri, sita, mbili, moja, nane.

"Sifuri sita ni mwezi, Juni.
Mia mbili na kumi na nane ni foleni tu,
mia mbili na kumi na saba yalitangulia.
Tano ni mwaka."
Mwaka gani?
"Wa tano. Kiwanda kiliandika mkia, kichwa kikaacha.
Hamsini na tano, sitini na tano, sabini na tano. Chagua."

Sabini na tano nilikuwa darasani, nikitafuna penseli.
Hamsini na tano?
Ogalo alifungua skrubu moja pale penye masikio,
akaniwekea kiganjani kama tembe ya kwinini.
"Ina msalaba kichwani. Za kale zina mfereji mmoja.
Labda. Isipokuwa kama fundi mwingine alipita hapa."

Basi sitini na tano. Juni.
Lakini hiyo Juni ni ya kiwanda.
Bado kuna rangi kukauka, sanduku, meli, forodha,
behewa la mizigo, dirisha la duka Kisumu
na baba mbele yake kila Jumamosi, mikono nyuma,
senti zake zikikua polepole kuliko kucha.
Namba inajua gitaa lilikotoka.
Haijui lilikawia wapi.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuliombea likawie.
Kaa hapo dirishani, nikaliambia. Shika vumbi.
Baba, usipate pesa upesi.
Kila mwezi unaosimama nje ya kioo
ni mwezi mmoja zaidi wa chaki mkononi mwangu.

Ogalo akaligeuza. Likacheka ndani, chaka-chaka,
ile kayamba ambayo baba alisema lilizaliwa nayo.
Akalitikisa juu ya gazeti mpaka ikadondoka:
punje ya mahindi, ya manjano,
ngumu kama jino.

Ya msaada. Ya mwaka ule wa njaa,
waliyoyala wakikunja pua.

Nikampigia mama. Alinyamaza muda mrefu,
nikasikia kuku wake, nikasikia mtu akipasua kuni.
"Ulikuwa unatambaa," akasema.
"Ulikuwa unalilisha."

Ofisi haipokei gitaa, najua.
Nilitaka kuitia punje kwenye bahasha ya Tume,
juu niandike: kiambatisho.
Kisha nikamwomba Ogalo airudishe ilikokuwa.

"Hiyo ni bure," akasema, akikaza nyuzi,
"haina namba.
Namba ni mia tatu."